Taa za Ng'ambo

Machi 3

Leo Bibi ameniuma. Nilikuwa namvalisha soksi, akainama kama mtu anayetaka kuninong'oneza jambo, akaning'ata mkono mpaka damu ikatoka. Nilipiga kelele, naye akapiga kelele kunishinda, kisha akaniuliza kwa upole nani amenijeruhi.

Anaitwa Bi Jamilah. Kumbukumbu zimemtoka lakini meno yote ni yake. Mimi ni Chelagat, mtoto wa mashamba ya chai ya Kericho, na kazi yangu hapa Maryland ni kuishi na mama huyu, kumwosha, kumlisha na kupigwa. Nyumba yake iko juu ya mwinuko, chini ni Ghuba ya Chesapeake. Majirani hawapo, watakuja kiangazi.

Mwajiri wangu ni mwanawe, Ajamu, anayefundisha mambo ya hali ya hewa chuoni kule Fairfax na kuja huku kila wikendi. Ni Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani, na hanipi nafasi ya kupumua. "Je, Bibi Chelagat, umeamkaje asubuhi hii ya leo?" Asubuhi hii ya leo! Mimi humjibu kwa Kiingereza, makusudi.

Machi 6

Mvua. Kofi moja tu.

Machi 9

Nimeenda Hyattsville kumchukua mdogo wangu Kiprotich, Kip. Mwezi uliopita watu watatu walimvizia kwenye maegesho ya ghala anakofanya kazi, wakampiga kwa chuma. Walichukua simu na viatu. Taya limevunjika, limefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Nimekuta ametoboa ukuta wa chumba changu cha huko kwa ngumi, na damu yake imekauka kwenye rangi. Analala chini ya dirisha na kisu mkononi.

Nilimpigia Ajamu nikijua atakataa. Akasema, "Chumba cha juu ya gereji ki tupu. Na aje, apumzike." Kwa mara ya kwanza nilisahau kukasirikia lugha yake.

Machi 15

Kip amefungua mzigo wake. Ndani ya shuka ya Kimaasai kuna bunduki ndefu. Kainunua kwa mtu wa kazini.

"Wewe karatasi zako zimeisha muda," nikamwambia. "Polisi wakikukuta na hii ni jela, halafu ndege."

"Wacha wakuje," akasema kupitia meno yaliyofungwa. "This time silali chini, sis."

Nilikaa kitandani kwake nikalia kwa hasira. Mama alinikabidhi huyu mtoto uwanja wa ndege. Ninachokitaka ni kimoja tu: Kip asimuue mtu, na asiuawe.

Sijamwambia Ajamu. Angemfukuza, na akirudi Hyattsville peke yake na bunduki ile nitamzika.

Machi 21

Bibi amenirushia kikombe. Kimenikosa.

Machi 28

Waya zimetolewa. Kip alikula ugali akilia kwa maumivu, asikubali kuacha.

Aprili 4

Joto la ghafla leo, watu wa televisheni walikuwa na fulana. Maji ya ghuba bado ni baridi ya kukata vidole.

Jua lilipotua tukaziona. Taa, juu ya maji, mahali ambapo siku zote huwa hakuna kitu ila mstari wa mbingu na bahari. Zilining'inia hewani. Zikarefuka, zikakatika vipande viwili, moja juu na nyingine chini yake, zikaungana tena. Zikatetemeka. Nyingine ilizimika nikiitazama, ikawaka kando.

Sisi ni watu wa milimani. Kwetu taa ya mbali ikiwa juu, iko kwenye nyumba ya mtu kilimani. Majini hakuna kilima. Basi taa iliyo juu ya maji inaruka. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yetu, na wala hatukuona kosa ndani yake.

Rafiki yangu Nyaguthii, nesi wa Hyattsville, nilimtumia video. Akapiga simu hapo hapo. "Ngai, Chela! Hizo ni droni za watu wa immigration. Wanasearch watu hadi kwa maji. Kanisani ni story hiyo tu. Hide huyo kijana!"

Simu ilikuwa kwenye spika. Kip alishaisikia. Alipanda ngazi za gereji mbili mbili, akarudi na bunduki. Nilisimama mbele yake. Alinisukuma, nikaanguka kwenye mawe ya kibaraza, goti likachanika. Hakugeuka hata kuniangalia. Bahati yake na yangu, upepo ulivuma na taa zikapotea zote pamoja.

Aprili 5

Upepo. Hakuna taa. Kip hakulala.

Aprili 7

Mvua na radi. Mti wa nyuma umepasuka katikati. Hakuna taa.

Aprili 12

Joto, shwari. Taa.

Leo amepiga. Nilikuwa namlisha Bibi supu, mlio ukatikisa vioo. Bibi akaficha kichwa kwenye matiti yangu kama mtoto. Nilihesabu dakika nikisubiri king'ora cha polisi, hakikuja. Nyumba ni tupu pwani yote, na wachache waliopo ndani kidogo hupiga chupa na makopo kwa bunduki kila wikendi, nani atashtuka?

Nilimkuta Kip amepiga magoti kwenye nyasi, bunduki ya moto mapajani. "Hazianguki, Chela. Nimezipiga, hazianguki. Wamekuja na kitu gani hawa?" Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana kwenye taya lile bovu. Nikamkumbatia. Nilikuwa nataka kumpiga pia.

Aprili 13

Leo ilikuwa zamu ya Ajamu kunishangaza.

Nilimweleza juu ya taa. Juu ya bunduki, kimya. Nilitarajia atacheka. Badala yake akaniuliza, "Je, unayo sukari?" Akamwaga mfuko mzima, sukari yangu ya chai, kwenye sufuria ya maji, akakoroga. Alimimina maji yale mazito ndani ya sanduku la kioo alilokuwa akifugia samaki, kisha kwa kijiko akaweka maji matupu juu yake polepole. Akazima taa, akatoa kile kikalamu cha mwanga mwekundu wanachotumia walimu, akakimulika ubavuni mwa sanduku.

Mwanga ulipinda. Niliuona kwa macho yangu ukiingia umenyooka, halafu ukainama chini taratibu kama utambi.

"Mwanga huinamia upande uliokolea," alisema. "Majira haya ghuba ni baridi. Hewa iliyogusa maji ni baridi, imekolea, kama sukari hii. Hewa ya joto yatoka nchi kavu, yalala juu yake. Taa za bandari za ng'ambo ziko mbali, dunia imejipinda na kuzificha. Lakini siku kama hizi mwanga wake hupinda pamoja na dunia, hutufikia. Jicho halijui kupinda. Jicho hudhani kila mwanga umekuja umenyooka, basi huziona taa juu angani."

Kip alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Kwa hivyo si droni."

"La, hasha. Ni taa za watu. Mtu anakula chakula chake cha jioni, mtu anafunga mashua yake. Taa ni za kweli, ila hazipo pale uzionapo."

"Na pale ninapoziona kuna nini?"

"Pale? Pale hapana kitu."

"Hakuna kitu," akarudia Kip. Alipumua, mabega yakashuka. Tangu apigwe sijamwona mabega yakishuka.

Ajamu akaongeza kwamba kesho kutwa upepo utatoka kaskazini na hatutaona taa hata moja. Na maji yakishapata joto, mwezi wa sita, zitaondoka zenyewe. Sukari yangu hakuirudisha.

Aprili 15

Upepo wa kaskazini. Hakuna taa. Mwalimu wa watu alisema kweli.

Aprili 20

Taa. Kip amezipiga tena, lakini safari hii anacheka. Ni mchezo sasa, anauita kuzima stima. Kila risasi ina mtu wake. "Hii ni ya ule wa jaketi nyekundu," paa! "Hii ni ya ule alinikanyaga kichwa," paa!

Nilitaka kumkataza. Halafu akaja ndani akala vizuri, akamwinua Bibi kutoka kwenye kiti kwa mikono yake miwili na kumwimbia wimbo wa kwetu wa kubembeleza ndama. Bibi hampigi yeye. Nikawaza, heri apige hewa kuliko kupiga watu. Ng'ambo ni mbali mno kwa risasi, na pale hakuna kitu.

Aprili 26

Ajamu alimletea mama yake keki. Mama akamchapa fimbo usoni, hapo juu ya jicho, akamwita mwizi. Damu ilishuka mpaka kwenye kola. Alijifuta kwa leso, akakata keki vipande vidogo, akamlisha mpaka ikaisha.

Jikoni aliniambia, "Mama hajui kuwa ni mimi. Lakini alikula, siyo?"

"Alikula," nikamjibu. "Alikula vizuri sana." Kwa Kiswahili. Alitabasamu kwa jicho lililovimba, nikaona aibu ya miezi yote ile.

Kesho anataka kuanza kutega kaa kwa mashua yake ndogo. Bibi anapenda kaa kuliko watu.

Mei 1

Upepo. Hakuna taa. Kip amevunja kiti.

Mei 3

Kijana wa kuleta vifurushi alibisha mlango akiwa na jaketi nyekundu. Kip alimkaba koo hapo kizingitini, akampigiza kichwa kwenye mlango. Nilimpiga ndugu yangu mgongoni kwa mpini wa ufagio mpaka ukavunjika ndipo akamwachia. Kijana alitoroka akitambaa, gari likaondoka mlango ukiwa wazi.

"Nilidhani ni yeye," akasema Kip, akiangalia mikono yake.

Kijana akishitaki, sijui. Nimeosha damu ya mlangoni kabla Bibi hajaiona. Usiku nimefunga chumba changu kwa ufunguo, na ni mara yangu ya kwanza kumfungia mlango mtoto wa mama yangu.

Mei 6

Upepo. Kip amevunja kioo cha bafu.

Mei 8

Upepo. Hakuna taa. Kip alinishika mkono nikipita, akaufinya bila kujua kwamba anaufinya. Siku za upepo ndizo mbaya. Nimeanza kuziombea taa zije. Nikizima jiko jioni natoka nje na kuonja hewa kama Ajamu: ina joto, imetulia? Basi leo tutalala.

Mei 12

Taa. Asante Mungu.

Mei 17

Naandika mkono ukiniuma na jino la mbele halipo.

Ilikuwa siku ya joto, ghuba imelala kama mafuta. Ajamu alikuja mchana, akambusu mama yake, akashuka kwenye mashua kwenda kuangalia mitego. "Nitarejea kabla ya giza, na kaa wa Mama." Kip alikuwa amelala juu ya gereji tangu asubuhi. Hakumwona akija wala akishuka.

Jioni nilikuwa namwogesha Bibi. Alikuwa ananirushia maji na matusi. Nikasikia mlio wa kwanza, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikasema moyoni, taa zimekuja, Kip atalala. Mlio wa pili. Nikachukua taulo. Wa tatu ndio ulionikumbusha kwamba kuna mtu majini.

Nilimwacha Bibi ameketi kwenye kiti cha bafu, nikakimbia na taulo begani na povu mikononi. Taa za ng'ambo zilikuwepo, mbali, zinatetemeka na kurefuka kama kawaida yake. Lakini mbele yake kulikuwa na moja ya chini. Haikutetemeka. Haikugawanyika. Na majini chini yake kulikuwa na njia ya mwanga iliyokuja moja kwa moja mpaka kwenye mawe yetu.

"Ya leo ni ngumu," Kip akasema, jicho kwenye mtutu. "Imekataa kuzimika."

"Kip, huyo ni mtu! Ni Ajamu!"

"Wacha. Ni hewa hiyo."

Niliirukia bunduki. Alinipiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Nilisikia jino likivunjika, nikaanguka, na akiwa analenga tena sauti ikatoka majini, sauti iliyokauka, "Acheni! Tafadhali, acheni! Ni mimi!" Alitusemesha kwa Kiswahili. Alijua ni sisi.

Kidole cha Kip kilikuwa kimeshavuta.

Nilimng'ata mkono. Nilimng'ata kama Bibi alivyoning'ata, mpaka meno yaliyobaki yakakutana. Bunduki ilidondoka, nikaipiga teke ikabingirika mteremkoni. Kisha nikashuka kwa makalio na magoti kwenye mawe, nikaingia majini. Sijui kuogelea. Maji yalinifika kifuani, baridi yake ilinikaba, mashua ilikuwa imekwisha kukaribia mawe, nikaivuta kwa kamba nikitema damu.

Ajamu alikuwa amelala ndani, mkono shingoni, damu inatoka kati ya vidole. Ndoo ilikuwa imepinduka na kaa wanatembea juu yake, juu ya kifua chake, wanaburura damu. Niliwatupa kwa mikono, wakanikata, nikawatupa. Niliminya kidonda kwa taulo la mama yake, na kwa simu ya Ajamu nikaita msaada. Risasi ilikuwa imempata chini ya shingo, na nyingine tumboni.

Aliniangalia. "Bibi Chelagat. Je, mama amekula?"

"Amekula," nikasema. Alikuwa hajala.

"Vema," akasema. Alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika, kichwa chake mapajani mwangu.

Juu yangu Kip alikuwa anapiga mayowe. "Alisema hakuna kitu! Chela, si ulisikia? Alisema pale hakuna kitu!"

Alisikia nusu akaondoka nayo, na mimi nilimwachia aondoke nayo kwa sababu ilimlaza usingizi. Nusu ya pili, kwamba nyuma ya kila taa kuna mtu anakula chakula chake, hakuna aliyeishika kati yetu wawili.

Polisi walipofika Kip alikuwa ameshaiokota bunduki. Alisimama kwenye nyasi, taa za magari usoni, na nilijua anachongoja. Safari hii halali chini. Nilipanda mteremko nikamfuata. Nilitaka kumuua kwa mikono yangu, naapa. Nikamkumbatia kwa mbele, mgongo wangu kwa polisi, nikamwambia sikioni kwa lugha ya mama, "Wakipiga, wataanza na mimi. Iache." Alilia. Aliiacha. Tukatembea hivyo kuwaendea, mimi nikirudi kinyumenyume, mpaka wakamrarua kutoka kwangu na kumbwaga chini, goti shingoni, uso kwenye changarawe. Alilalamika kuhusu taya.

Yu hai. Hayo ndiyo niliyoyaomba, na nusu nyingine ya ombi imelala kwenye begi jeusi.

Bibi nilimkuta bado bafuni, uchi, anatetemeka. Ananiuliza nani amenijeruhi.

Mei 19

Binti wa Bibi amekuja kutoka Falls Church. Anaitwa Marjani, hazungumzi Kiswahili.

"Ulijua kuna bunduki?"

"Nilijua."

Alinipiga kofi. "Kaka yangu alijua?"

"Hapana."

Akanipiga la pili, mdomo ukafunguka tena mahali pa jino. Sikuinua mkono. Nilifungasha nguo, Nyaguthii akaja kunichukua, njia nzima hakusema lolote kuhusu droni.

Mei 27

Hyattsville. Nimeona Kip nyuma ya kioo. Amekonda. Aliniuliza kama taa bado zinakuja. Niliweka simu chini nikatoka.

Mei 30

Ukuta una tundu la ngumi. Sijaliziba.

Juni 3

Marjani amepiga simu. Mama yake amewang'ata watunzaji wawili, na hajala tangu juzi.

"Sikuiti kwa kuwa nimekusamehe," alisema.

"Najua."

"Basi njoo."

Juni 7

Maji yameanza kupata joto. Leo pengine ni jioni ya mwisho ya taa, angesema Ajamu, angeniambia na saa ya upepo kugeuka.

Nilimtoa Bibi kibarazani na bakuli la supu. Marjani alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, hataki kukaa nami wala hataki kuniacha peke yangu na mama yake. Jua lilitua na taa zikapanda ng'ambo, chache, zinatetemeka. Zamani nilikuwa namwambia Bibi hakuna kitu pale, kula.

Akanyoosha kidole. "Yule Ajamu. Analeta kaa wangu."

Nilichota supu. Akanishika mkono uleule aliouuma Machi, akautikisa. "Kuna mtu pale. Sivyo?"

Marjani alisogea hatua moja kutoka mlangoni.

"Ndiyo, Bibi," nikamwambia. "Kuna mtu. Lakini si yeye."

Alinitazama. Akanipiga kofi. Kisha akafungua mdomo, nikamlisha.